Polisi wa Reli: Kazi Yake na Mpaka Wake



Juma lililopita, nilipokuwa nikifundisha darasani hapa Kanyosha, kijana mmoja aliinua mkono akaniuliza hivi: "Mwalimu, sisi hatuna gari la moshi. Kwenda Rumonge twapanda basi, na kwenda Kigoma twaweza kupanda chombo ziwani. Basi polisi wa reli anatuhusu nini?" Wenzake wakacheka. Mimi sikumjibu siku ile, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu nililokuwa nalo. Nikaenda nikasoma, nikamwendea na mjomba wangu kumwuliza habari zake za zamani. Jibu nililolipata ndilo somo hili.

Nitaanza na habari ya mjomba, kwa sababu somo lote limo ndani yake.

Mjomba wangu ni mchuuzi wa vitenge. Zamani kidogo, kabla mimi sijaanza kazi ya ualimu, alikwenda Dar es Salaam kununua mali. Nusu ya fedha ilikuwa yake, na nusu alikopeshwa na mama yangu, ambaye naye alizitoa katika chama cha akiba cha wanawake wa mtaani kwetu. Alinunua marobota mawili Kariakoo, akapanda gari la moshi kurudi Kigoma. Walipoondoka Dodoma alikuwa macho, na marobota yake yote mawili yalikuwa chini ya miguu yake. Usingizi ukamchukua. Alipozinduka, gari lilikuwa linaingia Tabora, na robota moja halipo.

Ndani ya gari lile walikuwamo askari wawili waliokuwa wakipita behewa kwa behewa. Mjomba aliwaona, nao walimwona. Lakini hakuwaambia neno. Nilipomwuliza sababu, alinijibu: "Mwanangu, nilidhani wale wamewekwa kulinda mali ya reli, si robota la mchuuzi. Tena mimi mgeni, sina ndugu kule. Nikasema moyoni, nitashitaki nikifika kwetu."

Basi akanyamaza mpaka Kigoma, akapanda chombo, akafika Bujumbura, na hapo ndipo alipomweleza askari. Askari yule alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwambia: "Mzee, mali yako imepotea katika nchi nyingine, siku tatu zilizopita, ndani ya gari linalokwenda. Mimi nitaanzia wapi?" Mjomba hakuwa na la kujibu. Mama alilipa deni la chama kwa mwaka mzima, na binamu yangu alikaa nyumbani muhula mmoja kwa kukosa karo.

Mjomba hakukosa polisi. Polisi walikuwapo, hatua tatu tu kutoka kiti chake. Alichokosa ni kujua kazi yao ni ipi, na mamlaka yao yanaanzia wapi na kuishia wapi. Mambo hayo mawili, kazi na mpaka, ndiyo tutakayojifunza leo.

1. Kosa lisilo na mahali

Polisi wa kawaida hugawanywa kwa maeneo. Kila mkoa una kamanda wake, kila wilaya ina kituo chake. Mtu akivunjiwa duka, twajua duka lilipo, na kwa hiyo twajua ni kituo gani cha kwenda.

Lakini robota la mjomba liliibiwa wapi? Kutoka Dodoma hata Tabora ni zaidi ya kilometa 350 kwa reli. Njiani gari hupita mikoa 3: Dodoma, Singida na Tabora. Njia yote kutoka Dar es Salaam hata Kigoma, ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1905 wakaifikisha ziwani mwaka 1914, ina urefu wa kilometa 1,250 hivi, nayo hupita mikoa 7. Mwizi aweza kuiba katika mkoa mmoja, akaficha mali katika wa pili, akashuka katika wa tatu. Kama kila kamanda angesema, "Onyesha kwanza kwamba wizi ulitendeka kwangu," mwizi angekuwa amekwisha uza mali.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuwa na polisi wa reli. Wenzake wamepewa eneo la kulinda. Yeye amepewa mstari. Mstari huo ni mrefu sana na mwembamba sana, na yeye husafiri pamoja na kosa lenyewe.

Sheria za mahakama nazo zimelifikiri jambo hili. Katika sheria za India na za Kenya, kwa mfano, kosa lililotendeka safarini laweza kuhukumiwa na mahakama ya mahali popote ambapo mtu yule au mali ile ilipita katika safari hiyo. Kwa hiyo si lazima mshitaki ajue mti gani ulikuwa dirishani mkono wa mwizi ulipoingia.

Sababu ya pili ni hatari ya kazi yenyewe. Gari la moshi haliwezi kusimama ghafula kama baiskeli, wala haliwezi kukwepa. Askari asiyejua maana ya taa na ishara za njia, au asiyejua upande gani gari laweza kutokea, aweza kujiua mwenyewe na kuwaua wengine akimfukuza mwizi relini. Katika reli zinazotumia umeme, hata waya ulio juu waweza kumwua mtu. Kwa hiyo polisi wa reli hana budi kufundishwa mara mbili: kwanza upolisi, kisha reli.

2. Walianzaje?

Huko Uingereza, reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa mwaka 1830, kampuni yake iliajiri polisi tangu mwanzo. Polisi hao walifanya kazi mbili. Walizuia watu na wanyama wasiingie njiani, na pia walisimama kando ya reli wakiyapa magari ishara kwa mikono: pita, punguza mwendo, simama. Baadaye kazi ya ishara ilipewa watu wengine, na polisi wakabaki na kazi ya usalama.

Kwetu Afrika ya Mashariki, reli iliyoitwa ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Polisi wa reli walikuwapo kabla haijakwisha. Twajua hivyo kwa msiba mmoja mashuhuri. Katika stesheni ndogo ya Kima, simba alikuwa akiwala watu. Mkuu wa polisi wa reli, Mwingereza Charles Ryall, alikwenda huko na wenzake wawili, wakalala ndani ya behewa ili wamvizie. Usiku wa tarehe 6 Juni 1900, zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall. Usingizi ulimshinda. Simba akaingia behewani, akamwua, akatoka naye kupitia dirishani.

Sikuwaambia habari hii ili niwatishe. Itazameni vizuri. Kumwinda simba si kazi tunayoidhani kuwa ya polisi. Lakini stesheni ilikuwa mali ya reli, wafanyakazi walioliwa walikuwa watu wa reli, na kwa hiyo hatari ile ilikuwa ndani ya mstari wake. Mpaka ndio uliomletea kazi.

Ni haki pia tuseme upande wa pili. Reli ile ilipita katika nchi za watu bila kuwaomba ruhusa. Wanandi walikata waya za simu zilizokwenda sambamba na reli wakazifanya mapambo, na serikali ya kikoloni iliwajibu kwa majeshi. Mlinzi wa reli wa wakati ule alikuwa mlinzi wa abiria, lakini alikuwa pia mkono wa mtawala. Kwa hiyo kila tunapotazama polisi wa reli, yatupasa kuuliza maswali mawili: Anamlinda nani? Na nani amempa mamlaka?

3. Kazi zake

Kazi za polisi wa reli ni nyingi, lakini twaweza kuzigawa katika mafungu manne.

(a) Kuwalinda watu. Hao ni abiria, wafanyakazi, na watu waliomo stesheni. Mwizi wa mfukoni, mlevi anayewapiga wenzake, mtoto aliyepotea katika msongamano, mwanamke anayesumbuliwa behewani: wote hao ni kazi yake. Kumbe robota la mjomba lilikuwa kazi yake kabisa!

(b) Kulinda mizigo. Behewa la mizigo husimama usiku katika njia za pembeni, na ndani yake mna sukari, saruji, mafuta na nguo. Polisi hutazama kama lakiri na kufuli ni nzima, na zikiwa zimevunjwa huandika mahali na saa.

(c) Kuilinda njia yenyewe. Hapa wengi hukosa kufahamu. Mtu akiokota kokoto za relini kujengea nyumba yake husema, "Ni mawe tu." Akifungua nati moja ili akaiuze kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu husema, "Zipo nyingi." Sisi watu wa Kanyosha twapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Twaujua mto wetu. Twajua kwamba mchanga na mawe yakichimbwa ovyo ukingoni, masika yakija maji hula ukingo, na nyumba iliyokuwa mbali na mto hujikuta mdomoni mwake. Kokoto za reli hushika mataruma, mataruma hushika vyuma, na vyuma hushika maisha ya mamia ya watu. Reli mpya ya Tanzania, ambayo ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro mwezi Juni 2024, kisha ikafika Dodoma, hutumia umeme. Na mwaka huo huo wa 2024 polisi walitangaza kuwakamata watu waliotuhumiwa kuiba nyaya zake. Shaba ina bei nzuri. Lakini waya mmoja ukikatwa, gari zima husimama porini na watu wake.

(d) Kupeleleza na kufundisha. Ajali ikitokea, polisi hulinda mahali pale ili dalili zisiharibiwe, huandika majina ya mashahidi, na hutafuta kama kulikuwa na kosa la jinai. Tena huwaendea wanakijiji na wanafunzi wanaokaa karibu na njia, akawaeleza mahali pa kuvukia na hatari ya kuchunga mbuzi relini. Kazi hii ya kufundisha haina pingu wala bunduki, lakini huenda ikaokoa roho nyingi kuliko nyingine zote.

Msimchanganye polisi wa reli na watu wengine wanaovaa sare. Gadi ana madaraka juu ya mwendo wa gari. Mkaguzi wa tiketi hutazama nauli. Mkuu wa stesheni hutawala stesheni yake. Walinzi walioajiriwa kukaa mlangoni ni walinzi tu. Abiria asiye na tiketi ni shauri la mkaguzi kwanza. Akikataa kulipa na kuanza kupigana, hapo ndipo polisi huitwa. Polisi hakuwekwa behewani ili kukusanya nauli, na akijifanya mkusanyaji wa nauli ametoka katika kazi yake.

4. Mpaka wake uko wapi?

Sasa tumefika penye ugumu wa somo. Nchi mbalimbali zimeujibu mgumu huu kwa njia mbalimbali. Nitaeleza nne.

Njia ya kwanza ni ya Tanzania. Huko polisi wa reli ni kikosi ndani ya Jeshi la Polisi la nchi, chenye kamanda wake. Reli ya TAZARA nayo ina kikosi chake. Askari wa kikosi hicho ni askari polisi kamili kama wenzake, chini ya sheria ile ile ya polisi. Reli ni mahali alipopangiwa kazi. Faida yake ni kwamba mwizi akiruka dirishani na kukimbilia kijijini, askari haachi kuwa askari anapovuka ukingo wa reli.

Njia ya pili ni ya India, ambako kuna majeshi mawili katika stesheni moja. Moja ni la polisi wa serikali ya jimbo, ambalo kazi yake ni makosa ya jinai na utulivu. La pili ni la reli yenyewe, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1957 kulinda mali ya reli. Baadaye sheria iliongezwa ili liwalinde abiria pia. Faida ni kwamba kila mmoja ana ujuzi wake. Hasara ni kwamba abiria aweza kutumwa huku na huku. Ili kupunguza taabu hiyo, Wahindi wana utaratibu mzuri: kituo chochote cha polisi chapaswa kuipokea taarifa ya kosa kubwa, hata kama halikutendeka katika eneo lake, kisha chenyewe kiipeleke kwa wanaohusika. Raia hatembei na taarifa yake mkononi. Taarifa ndiyo inayotembea.

Njia ya tatu ni ya Uingereza. Huko kuna jeshi la polisi lililo peke yake, la safari za reli tu, ambalo kwa umbo lake la sasa lilianza tarehe 1 Januari 1949. Mamlaka yake ni ndani ya reli na stesheni za Uingereza, Wales na Scotland. Kampuni za reli huchangia gharama, lakini sheria ndiyo inayotoa mamlaka. Tangu mwaka 2001 sheria imewaruhusu polisi hao kutenda nje ya reli kwa nyakati maalumu, kama vile wanapoombwa msaada na polisi wa mahali pale, au wanapoona kwamba wakingoja, madhara yatatokea.

Njia ya nne ni ya Kanada. Huko kampuni kubwa za reli zina polisi wao wenyewe. Kampuni huwalipa mshahara, lakini haiwezi kuwafanya polisi kwa barua yake tu: ni lazima jaji awaapishe. Na sheria imepima mpaka wao kwa mita: wana mamlaka juu ya mali ya reli na katika umbali wa mita 500 kutoka kwenye mali hiyo.

Mpaka huo wa mita 500 ni wazi, na mtoto wa shule aweza kuupima. Lakini njia hii ina swali lake. Tarehe 4 Februari 2019, gari la mizigo liliteremka mlima bila kuzuilika karibu na mji mdogo wa Field, magharibi ya Kanada, likaanguka, na wafanyakazi 3 wakafa. Polisi wa kampuni yenyewe walifanya uchunguzi wao. Ndugu za marehemu wakauliza: anayelipwa na kampuni aweza kuichunguza kampuni bila woga? Baadaye polisi wa taifa waliingia katika shauri hilo. Twajifunza kwamba mpaka haupimwi kwa mita peke yake. Uko pia mpaka wa mambo: makosa gani ni ya polisi huyu, na makosa gani lazima yashikwe na mwingine ambaye hana masilahi ndani yake.

5. Mpaka wa nchi

Uko mpaka mwingine ulio mkubwa kuliko yote, nao ndio utakaotuhusu sisi. Gari la moshi huvuka mpaka wa nchi, lakini mamlaka ya polisi hayavuki pamoja nalo.

Tazameni TAZARA. Reli hiyo yatoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilometa 1,860, nayo ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Ni reli moja, na shirika lake ni la nchi mbili. Lakini gari likiisha kupita Tunduma na kuingia Nakonde, sheria iliyo juu ya kila behewa ni sheria ya Zambia, na polisi mwenye mamlaka ni wa Zambia. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa reli ya Afrika ya Mashariki, ambayo tangu mwaka 1948 mpaka ilipovunjika mwaka 1977 ilikuwa chini ya shirika moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Reli ilikuwa moja, lakini majeshi ya polisi yalikuwa matatu.

Sisi watu wa Burundi twalijua tangu zamani jambo la mzigo kupita katika nchi ya wengine. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilifanya mkataba. Ubelgiji ilipewa nafasi bandarini Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite Tanganyika bila kutozwa ushuru wa forodha. Mzigo ulipewa njia yake kwa mkataba. Vivyo hivyo, polisi wa nchi mbili wakitaka kushirikiana katika gari moja, nao wahitaji mkataba. Msingi wake upo tayari: tangu mwaka 1998 wakuu wa polisi wa nchi za Afrika ya Mashariki wana umoja wao wa kusaidiana juu ya makosa yanayovuka mipaka, na Burundi imo ndani yake.

Sasa naweza kumjibu kijana wangu. Mwaka 2025 Tanzania na Burundi zilitia sahihi mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hata Musongati, na mwezi Agosti mwaka huo kazi ikazinduliwa huko Musongati, penye madini ya nikeli. Njia hiyo ni ya zaidi ya kilometa 200. Yeye aliyeuliza yuko darasani leo. Siku gari la kwanza litakapoingia Burundi huenda akawa dereva wake, au gadi, au mchuuzi kama mjomba, au askari.

Na siku hiyo maswali haya yatakuwa yanangoja majibu. Je, Polisi ya Taifa ya Burundi, iliyoundwa mwaka 2004, itakuwa na kikosi cha reli ndani yake, au reli itakuwa na walinzi wake yenyewe? Mali ikipotea kati ya Uvinza na Musongati, abiria atamwambia nani, naye ataiandika taarifa kwa lugha gani? Mtuhumiwa aliyekamatwa upande mmoja atakabidhiwaje upande wa pili?

Maoni yangu ni haya. Yafaa kiwe kikosi ndani ya polisi wa taifa, ili askari wake wawe chini ya sheria moja na wenzao, na raia ajue pa kushitaki akionewa. Mipaka yake iandikwe na kubandikwa katika kila stesheni, kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Na nchi mbili zikubaliane kwamba taarifa iliyopokewa upande mmoja itafika upande wa pili bila mwenye mali kuibeba. Anayefikiri vingine na aniandikie, nitafurahi kusoma.

6. Abiria afanye nini?

Haya nimeyaandika kwa ajili ya mjomba, ingawa kwake yamechelewa.

Kwanza, sema upesi. Mwambie gadi au askari mara tu unapogundua, kabla gari halijafika stesheni inayofuata, maana mwizi huenda bado yumo. Pili, shika mambo matatu kichwani: namba ya behewa, saa, na stesheni ya mwisho uliyoiona mali yako. Tatu, usitupe tiketi. Ni ushahidi kwamba ulikuwamo. Nne, uwe na orodha ya mali yako na risiti za dukani, mbali na mzigo wenyewe. Tano, uliza jina la askari na namba ya taarifa yako, uiandike. Askari mwema hakasiriki kuulizwa.

Na kama wewe ndiwe unayekamatwa, una haki ya kuelezwa sababu na kufikishwa mbele ya sheria. Mpaka wa polisi ni ngao ya raia kama ulivyo ngao ya reli.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea mjomba maneno haya kibarazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Kwa hiyo wale askari wawili walikuwa wangu?" Nikamwambia, "Ndiyo, mjomba, walikuwa wako." Akatikisa kichwa, akanyamaza muda mrefu, halafu akamwita binamu yangu aje naye asikilize.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini husemwa kwamba polisi wa reli analinda mstari, na si eneo?
2. Eleza tofauti kati ya kazi ya polisi wa reli, gadi na mkaguzi wa tiketi.
3. Linganisha njia ya Tanzania na njia ya Kanada. Ipi yamfaa raia zaidi, na kwa nini?
4. Mtu ameokota kokoto ndoo moja relini. Andika barua fupi ya kumweleza madhara yake bila kumtukana.
5. Mjadala wa darasa: "Reli ya Uvinza na Musongati ilindwe na kikosi kimoja cha nchi zote mbili." Nusu ya darasa iunge mkono, nusu ipinge.